Jumapili Tatu za Picha ya Theluji

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka kwenye ukumbi mmoja hapa Nakuru, ambako vijana huonyesha filamu za nchi za mbali, zile ambazo hazifiki kwenye majumba makubwa ya sinema. "Shosho, hii utaipenda," aliniambia. "Hakuna bunduki, hakuna kelele, na maneno yameandikwa chini." Nilikubali kwa sababu sikutaka kuonekana mzee mkaidi. Tulipoingia nikakuta wametundika mablanketi madirishani kuzuia jua la mchana. Yalikuwa yamenyeshewa, na sasa yalikuwa yanapata joto na kutoa harufu ya sufu mbichi. Nilisimama, nikamwambia tumbo linaniuma, nikatoka nje. Tumbo langu halikuwa na neno. Nilikaa kwenye ngazi na hasira yangu ya zaidi ya miaka sitini, na yule mtoto, maskini, akadhani ni yeye aliyenikosea.

Ninyi wenzangu mliokulia kwenye landhi za reli mnazijua zile nyumba za chumba kimoja zilizopangwa mstari, na ule mfereji mmoja wa maji ambapo kila siri ya mtaa ilisuuzwa pamoja na sufuria. Sisi tulikaa mlango wa mwisho. Baba yangu alikuwa karani wa mizigo hapo stesheni. Alikuwa Mluhya wa Maragoli aliyesomeshwa na wamisheni, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuandikia watu barua. Kila mtu alimwita Karani, hata Mama siku ambazo walikuwa wamenuniana.

Miongoni mwa mizigo aliyopokea kulikuwa na mikebe ya filamu, mipana na ya mviringo, iliyobandikwa stempu za nchi ambazo mwalimu wetu hakuwahi kuzitaja. Ilikuwa ya Memsahib mmoja mjane aliyekodi ghala kuukuu nyuma ya stesheni, akaweka viti, akatundika shuka kubwa jeupe ukutani, na kuziba madirisha kwa mablanketi. Wazungu wenzake walitaka picha za nyimbo na za farasi. Yeye alitaka picha za wavuvi, wajane na watu maskini wa nchi zote, na alisema hizo ndizo picha za kweli. Jumamosi alionyesha Wazungu wachache waliomvumilia. Jumapili mchana, baada ya kanisa, alituonyesha sisi, na hakuacha kutukumbusha jinsi alivyosumbuka kututafutia ruhusa.

Picha moja ilikaa wiki tatu hadi nyingine ije na treni. Wale watu wa kwenye shuka walizungumza lugha zao, na chini yao Kiingereza kilipita mbio kiasi kwamba hata waliokijua hawakukidaka. Kwa hiyo Memsahib alimwomba Baba asimame kando ya shuka na bomba la bati mdomoni, atueleze kwa Kiswahili. Mimi nilikaa chini mbele kabisa, nimekunja miguu, na kiburi kimenijaa kifuani. Niliamini kwamba Baba anajua lugha zote za dunia na kwamba wale watu wanamwambia yeye mambo yao, naye anatuambia sisi.

Niliamini na jambo jingine, ambalo sasa nikilikumbuka ningetamani kujizaba kofi. Picha ilikuwa ileile Jumapili zote tatu, mlango uleule ulifunguliwa, mbwa yuleyule alibweka, lakini maneno ya Baba yalibadilika kila wiki. Mtu mzima angeshtuka. Mimi nilijiambia kwamba taa ikizimwa wale watu huendelea na maisha yao, na wiki ikiisha wanakuwa na habari mpya za kumpa Baba. Sikuona ajabu yoyote, kwani hata sisi tulienda kanisani na kurudi kwa njia ileile kila Jumapili, na maneno yetu njiani hayakuwa yaleyale.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu wengi wa mashamba ya Molo, Njoro na Mau Narok walikuwa wamepakiwa kwenye malori na treni na kurudishwa rizavu, sehemu walizotengewa na serikali, na vijana wao walikuwa kwenye makambi ya kizuizini ambayo majina yake hayakutajwa kwa sauti. Waliobaki mjini walibaki kwa pasi na kwa heshima ya Mzungu aliyewaandika kazi. Barua zilifunguliwa. Kuuliza habari za mtu wa kambini kulitosha kukupeleka wewe mwenyewe huko. Pale ghalani, mlangoni, alisimama homu gadi, mgambo wa serikali, na fimbo yake, na watu waliketi bila kunong'onezana.

Lakini treni zilipita karibu na makambi, na mafayamani, wale waliotia makaa kwenye injini, walikuwa na macho na masikio. Walimwambia Baba. Naye Baba aliwaambia watu wa Jumapili, mbele ya homu gadi, kupitia mdomo wa bati. Haya niliyaelewa baadaye sana. Wakati huo niliona tu kwamba mtu wa kwenye picha akitoka mlangoni, mama mmoja kwenye viti hufunika uso kwa leso na mabega yakamtikisika, na nikadhani analia kwa sababu picha ni nzuri.

Mmoja wao alikuwa Mama Gitau, jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyefua nguo za Wazungu wa stesheni. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye kikohozi, na mwana mmoja tu duniani. Gitau alikuwa seremala kwenye shamba la Mau Narok hadi walipomchukua. Mama yake aliweka kitanda chake kikiwa kimetandikwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata mimi ambaye alinipenda na kunipa viazi vya kuchoma.

Ile picha ya theluji ilitoka nchi ambayo siijui mpaka leo. Kila kitu kilikuwa cheupe, na mimi nilidhani ni vumbi la magadi la ziwa letu, lile lililopeperuka mjini wakati wa kiangazi na kutuchoma macho. Mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani alitembea kwenye ule weupe akiwa na kikapu. Alifika kwenye jiwe, akapangusa weupe juu yake, akaweka mkate, akaketi, akazungumza peke yake muda mrefu.

"Huyu mama," Baba alisema Jumapili ya kwanza, "ana kijana wake, seremala, mwenye kovu kwa kidole gumba pale randa ilimkata. Kijana yuko mbali, mahali pa mawe na jua kali. Lakini yuko hai. Wanamtengenezesha milango. Anakula mara mbili kwa siku. Mama anamwekea mkate hapa kwa jiwe, kuna mtu atapita amchukulie." Nyuma yangu nilimsikia Mama Gitau akivuta pumzi kwa nguvu. Alikijua kile kidole. Yeye ndiye aliyekifunga siku kilipokatwa.

Jumapili ya pili yule mama alitembea tena kwenye weupe wake. "Leo ana habari ingine," Baba alisema. "Kijana aliugua tumbo, lakini amepona. Amehamishwa kambi ingine, ya baridi, na mama anamtumia sweta. Anasema, mwanangu, vumilia, kitanda yako iko." Wakati wa kutoka Mama Gitau alipita karibu na Baba na hakumwangalia. Wiki hiyo alifua nguo huku akiimba za kanisani, jambo ambalo mfereji mzima uliliona.

Alhamisi ya wiki hiyo Mama yangu alinituma stesheni kumpelekea Baba chakula. Memsahib alikuwa hapo kibarazani na mbwa wake mdogo, akingoja treni. Aliniita.

"Wewe napenda picha, toto?"

"Ndiyo, Memsahib."

"Sema mimi. Mama ile nafanya nini kwa jiwe?"

Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniuliza swali na kungoja jibu. Niliweka chakula chini nikamsimulia yote. Seremala, kovu, milango, mkate wa kupitiwa na mtu. Nikamweleza kwamba hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza tu, kwamba sasa kijana amepona tumbo, amehamishwa, na mama anamtumia sweta. Sikuacha kitu. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri, laiti ningezaliwa mjinga.

Memsahib alianza kwa kucheka, kisha akaacha. Alichuchumaa akanishika bega.

"Hapana, toto. Hapana sweta. Jiwe ile ni kaburi. Kijana nakufa zamani. Mama nalia."

"Hajafa," nikasema.

"Nakufa."

"Hajafa! Baba yangu anajua. Wewe hujui lugha yao."

Uso wake ulikuwa mwekundu. Nilifurahi nilivyomshinda, nikachukua chakula nikaenda zangu. Sikumwambia Baba, kwa kuwa niliona hakuna la kumwambia, ni Mzungu tu asiyeelewa picha zake mwenyewe.

Sasa, nimemchukia yule mwanamke maisha yangu yote, na bado ni lazima niseme ukweli wake. Hakwenda kumshtaki Baba. Aliumia tu kwamba picha yake ya kweli ilikuwa inasimuliwa ovyo. Alikaa nyumbani akaandika kwa mashine maneno yote ya ile picha, mstari kwa mstari, kisha akampelekea Bwana Shauri mmoja kijana, afisa wa tarafa, aliyesifika kwa Kiswahili alichojifunza pwani, amtafsirie. Huyo naye aliona ni kazi ya kupendeza, akajitolea kuja mwenyewe kusaidia. Walikuwa wanatusaidia. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumlaumu ila mimi.

Jumapili ya tatu mvua ilinyesha asubuhi na mablanketi yalinuka. Bwana Shauri aliketi kiti cha mbele, karibu nami, amevaa kaptura na kofia yake ya kazi imelala magotini. Alimpa Baba zile karatasi, akabaki na nakala yake mkononi na tochi ndogo. "Soma kama ilivyoandikwa, Karani," alisema kwa upole. "Nitakufuatilia." Watu wote waliona. Waliona serikali imekaa mbele na waliona karatasi ikitoka kwenye mkono wa serikali kwenda kwa Karani. Kwa watu wale, karatasi iliyosomwa mbele ya Bwana Shauri ilikuwa na maana moja. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiletewa habari za vifo.

Baba alisoma. Sauti haikuwa yake. Alisoma habari za ng'ombe, za harusi, za kasisi, maneno makavu ya Kiswahili kizuri ambacho hakuna mtu wa landhi aliyewahi kukizungumza, na viti vilikuwa kimya. Kisha yule mama wa kitambaa cheusi akatokea na kikapu chake. Baba akanyamaza. Picha iliendelea kwenda. Mama akafika kwenye jiwe, akalipangusa, akaweka mkate, midomo yake ikaanza kucheza, na Baba bado kimya. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa anaangalia mahali Mama Gitau alipokaa.

"Endelea, Karani," alisema Bwana Shauri, akimulika karatasi yake. "Umefika 'Nimekuletea'."

"Nimekuletea mkate, mwanangu," Baba alisoma. "Leo ni mwaka mzima tangu tulipokuzika."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia kiti kikisukumwa, kisha sauti ya Mama Gitau, ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza bei sokoni.

"Karani. Soma tena."

Bwana Shauri aligeuka akatabasamu. Alifurahi kwamba picha imemgusa mtu. "Msomee mama," alisema. "Anataka kusikia vizuri."

Baba angeweza kusema, Mama Gitau, hii ni picha tu, si mwanao. Nimelipima jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyosali. Lakini Bwana Shauri angeuliza, mwana gani? Na angeuliza, kwa nini mama huyu anadhani picha ya ng'ambo inamhusu mwanawe? Jibu lingewafikia mafayamani, na kina mama wengine wote waliokaa kwenye vile viti na wana wao. Alikuwa na muda wa pumzi moja kuyawaza hayo yote. Akasoma tena, neno kwa neno.

Mama Gitau alitoka polepole, akipita kati ya magoti ya watu. Wanawake wawili walimfuata. Homu gadi aliwafungulia mlango. Mwanga wa mchana uliingia ukafuta picha kwenye shuka, kisha mlango ukafungwa na yule mama wa kitambaa cheusi akaonekana tena.

Jua lilikuwa bado juu Baba aliponishika mkono tukaenda mlango wa tatu. Mama Gitau alikuwa ameketi chini sakafuni. Kitanda cha Gitau kilikuwa nje, matandiko yametolewa, na nguo zake zilikuwa zimegawiwa tayari, maana mwanamke mmoja alikuwa anakunja shati.

"Mama Gitau," Baba alisema, akichutama mbele yake, "ile ni picha tu. Ni maneno ya Wazungu wa huko. Kijana yako ako hai, nakuapia."

"Ilikuwa karatasi ya serikali."

"Si ya serikali. Ni ya Memsahib."

"Ulisoma mbele ya Bwana Shauri. Mara mbili."

"Nililazimishwa."

"Na zile za kwanza?" aliuliza bila ukali wowote. "Za sweta na milango? Hiyo hakuna mtu alikulazimisha. Ulinionea huruma, Karani. Wewe ni mtu ya huruma, najua. Sasa wacha nilie mtoto yangu."

Baba alisema mengi. Alimtajia treni, alimtajia fayamani, mambo ambayo yangemfunga. Yeye alikuwa anatikisa kichwa tu na kumshukuru. Kila Baba alipozidi kuapa ndivyo Mama Gitau alivyozidi kumwonea huruma.

Tulipotoka Baba alisimama kwenye mfereji akanawa uso. Kisha akaniuliza, "Mama," kwani ndivyo alivyoniita akinipenda, "nani alizungumza na Memsahib?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwambia hajafa."

Nilingoja kofi. "Ulisema kweli," alisema, na hakulitaja tena jambo hilo hadi siku tuliyomzika yeye mwenyewe. Heri angenipiga. Watoto waliopigwa walilia wakasahau.

Baba alimwagiza yule fayamani aliyekuwa akimpa habari za kambini amletee kitu chochote kilichopita mikononi mwa Gitau, hata kipande cha ubao alichokichonga, kitu ambacho mama yake angekijua. Lakini fayamani akahamishiwa njia ya Kisumu, na aliyekuja badala yake alikuwa mwoga. Mama Gitau hakula vizuri tena. Kikohozi kikamshika, akaacha kufua, na kabla mwaka haujaisha tukamzika kwenye makaburi ya mjini. Baba hakusimama tena kando ya shuka. Watu wakaacha kwenda. Nilisikia Memsahib alilalamika kwamba Waafrika hawajawa tayari kwa picha nzuri.

Gitau alirudi nikiwa karibu kumaliza shule. Alikuja kwetu saa ya chakula cha mchana, mtu mrefu, mkavu, ana mvi katika umri ambao wenzake walikuwa wanatafuta wachumba. Baba alikuwa amekwisha kumwambia habari za kaburi pale stesheni alikoshukia. Sasa alitaka kujua jambo moja tu.

"Karani, alijua niko hai?"

"Alijua," Baba akasema.

Gitau aliweka mikono usoni, ule wenye kovu juu, akalia kwa sauti, na alipomaliza akamshukuru Baba kwa mikono miwili. Alikunywa chai. Aliniuliza niko darasa la ngapi.

Alikaa landhi siku nne. Siku ya nne alikwenda mferejini kunawa, na pale, bila shaka kwa nia njema, mwanamke mmoja akamwambia jinsi mama yake alivyomwomboleza, na jinsi shati lake lilivyogawiwa. Alirudi kwetu mchana huohuo. Hakuingia. Alisimama mlangoni, na Baba akainuka kitini.

"Karani," alisema Gitau, "hata mama yangu ulikuwa unamdanganya hivi hivi?"

Baba alikuwa amewabebea watu ukweli, kwa hatari ya shingo yake, Jumapili baada ya Jumapili, na mtu pekee duniani aliyehitaji kuliamini hilo alikuwa amesimama mbele yake akimwita mwongo. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika birika. Nilijua nilichomwambia Memsahib, nilijua kilichotokea, nilikuwa mkubwa wa kutosha kukisema kwa maneno mawili. Nilitazama sakafu. Gitau alingoja, kisha akageuka akaondoka, na hakumsalimu tena Baba mpaka wote wawili walipokufa.